Mgongo wa Kashindye

Maumivu yalimkamata Kashindye akiwa na kisu mkononi na sangara mezani, wakati huohuo Venant, msimamizi wa zamu, akipita nyuma ya wakataji minofu. Yalianzia juu kidogo ya kalio la kushoto, yakateremka mguu mzima mpaka kisiginoni, na goti likataka kukunjika. Alijua la kufanya: asishike kiuno. Katika kiwanda kile cha minofu mwanamke mwenye mimba alivumiliwa mradi tumbo lisimzuie kuifikia meza, lakini aliyeonekana ameshika kiuno alihesabiwa mgonjwa, na vibarua wagonjwa hawakuwa na kazi kiwandani. Akauma meno, akaingiza ncha ya kisu nyuma ya pezi, akavuta. Alipovuta mara ya pili mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kiunoni.

"Wewe, Kashindye. Hapa si wodini."

"Najikuna, bosi."

"Unajikuna kiuno?" Venant alisubiri wenzake wacheke, na wawili wakacheka, si kwa furaha bali kwa kujikomba. "Nikikuona unajikuna tena, utakwenda kujikunia kwenu. Pale getini wamejaa wanawake wanaokitamani hicho kisu chako."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Kila alfajiri walikuwa wamesimama pale nje ya uzio, wengine na watoto mgongoni, wakingoja jina la mtu mmoja likatwe ili wao waingie. Kashindye mwenyewe alisimama pale msimu mzima kabla ya kupata meza. Kisu kile kilikuwa chake, na hakukusudia kukiacha kwa sababu ya Venant, wala kwa sababu ya mgongo wake mwenyewe.

Mwaija, aliyekuwa meza ya pembeni na ambaye pia walipanga naye ua mmoja kule Igogo, alisukuma kreti tupu kwa ncha ya buti mpaka miguuni pa mwenzake.

"Panda na mguu mmoja," alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Huo mbovu. Sasa kata, mama, kata kama unamkata yeye."

Kashindye akakata. Minofu ya sangara ilipangwa kwenye barafu ikapande ndege iende Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa, yalirudi kwa wenye ziwa lao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mpaka kengele ya jioni inalia, hakuna mtu mle ndani, isipokuwa Mwaija, aliyejua kwamba mwanamke yule amefanya kazi nzima kwa mguu mmoja.

*

Nyumbani kwao kulikuwa juu, katikati ya majabali ya Igogo, mahali ambapo nyumba hujengwa pale jiwe linaporuhusu. Kupanda kule ukiwa mzima ni kazi. Kashindye alipanda akishika ukuta wa huyu na dirisha la yule, akisalimia kwa sauti ya kawaida ili asiulizwe.

Shigela, mumewe, alikuwa uani anasonga ugali. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye mikono mipana iliyobeba marobota ya pamba miaka yote ya ujana wake. Halafu ikasemwa kwamba biashara sasa ni ya watu binafsi, na mtu binafsi aliyekuja kuchukua ginari, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, aliangalia mashine, akaangalia wafanyakazi, akachagua mashine. Tangu hapo Shigela alikuwa anatafuta kazi asubuhi na kupika jioni. Kupika alikujua vizuri. Kutazamwa akipika ndiko kulikomshinda.

Sebuleni alikuwa ameketi Mzee Ngosha, baba yake, aliyetoka Magu kuja kutibiwa macho. Jicho moja lilikwisha kusafishwa hospitalini, la pili lilikuwa linangoja zamu. Kule kwake mtu akiteguka, akianguka na mkokoteni au akikakamaa shingo, alipelekwa kwa Ngosha akakandwe. Hata ng'ombe wa kulima walipelekwa. Watu walisema mzee yule akiweka kiganja mahali panapouma, maumivu yenyewe yanaona haya.

Lakini Kashindye alikuwa mkwewe, na huo ulikuwa ukuta mzito kuliko wa matofali. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa kuyapeleka maneno. Tangu mzee afike, Kashindye alikuwa hajamwambia chochote zaidi ya shikamoo, nayo aliitoa akiwa amepiga magoti, macho yake mlangoni. Jioni ile alipiga magoti kama kawaida. Kuinuka ndiko kulikokuwa na shughuli. Akashika fremu ya mlango, akajivuta, akapita nyuma ya pazia kuingia chumbani.

"Huyo mtu anatembea na mguu mmoja," Mzee Ngosha alimwambia mwanawe aliyeingia na sufuria. "Nimevisikia viatu vyake huko nje. Kimoja kinakanyaga, kingine kinaburuta."

"Amechoka, baba."

"Aliyechoka huburuta vyote viwili. Muulize kliniki wanasemaje."

Kati ya mzee na Kashindye palikuwa na pazia la kitenge tu, lakini Shigela aliweka sufuria chini, akaingiza kichwa chumbani. "Baba anauliza kliniki wanasemaje."

"Nimesikia," Kashindye alisema. "Nesi anasema mtoto hana tatizo. Mgongo ni uzito na kusimama. Amesema nipumzike." Akacheka kidogo. "Labda uende wewe ukamwambie Venant nipumzike. Nesi amesema pia nikipata mtu wa kunikanda mgongo na miguu, anikande, ila tumbo asiliguse. Na nikiona damu, au uso ukivimba, au kichwa kikiuma sana, nisingoje kesho, nikimbie hospitali."

Shigela akatoa kichwa. "Anasema..."

"Nina ubovu wa macho, sina ubovu wa masikio," mzee alisema. "Nesi huyo amesema sawa. Vua shati."

"Mimi?"

"Mimi siwezi kumkanda mkwe wangu, na wewe hujui. Vua shati, ulale hapo, mwili wako ukajifunze."

Kashindye alisogeza pazia kwa kidole kimoja, akatazama. Aliona mzee amepiga magoti, amechovya mikono kwenye samli aliyokuja nayo kutoka Magu, ameipasha kwa kusugua viganja. Alianza chini, pale mgongo unapoketi juu ya nyonga, akapandisha mikono polepole pande mbili za uti bila kuugusa mfupa, akaizungusha mabegani, akashuka tena. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini: hapa usiharakishe, hapa tumia kiganja maana vidole vitamchoma, ukikuta fundo usipigane nalo, likalie mpaka lilegee. Tangu Shigela alipokuwa mtoto wa kubebwa, baba yake hakuwahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono, na mabega yale yaliyobeba marobota hayakuwahi kuulizwa kama yanauma. Kashindye aliona mabega ya mumewe yanatetemeka, akajua kwamba analia. Alimhurumia, na papo hapo akamwonea wivu. Na yeye alitaka kukandwa hivyo.

*

Mara ya kwanza ilikuwa balaa. Kashindye alilala kwa ubavu, mto kati ya magoti, na Shigela akamkanda kama anakanda unga.

"Unanifua kama shuka!"

"Baba alifanya hivihivi."

"Baba alifanya taratibu," ilikuja sauti kutoka sebuleni. "Mwambie apumue, na wewe mwenyewe upumue. Unamkanda huku umeziba pumzi."

"Baba anasema..."

"Nimesikia, Shigela!"

Akaanza upya. Mikono ile mipana, iliyokuwa haina kazi mji mzima, ikashuka taratibu pande za uti, ikafika juu ya kalio la kushoto, ikakuta fundo, ikalikalia. Kashindye alipiga yowe dogo, halafu akanyamaza. Kitu kiliachia. Mguu uliokuwa umekaza tangu asubuhi ulilegea mpaka vidoleni, joto likatambaa mahali palipokuwa na baridi ya barafu ya kiwanda. Mtoto akajigeuza tumboni, naye akajinyoosha. Kabla ugali haujapakuliwa, Kashindye alikuwa amelala fofofo, na Shigela alibaki ameketi kitandani akitazama viganja vyake vinavyong'aa samli.

Siku zilizofuata alikwenda kazini akiwa mtu. Asubuhi aliamka bila kushika ukuta. Mchana mgongo ulipoanza manung'uniko alipandisha mguu kwenye kreti na kujiambia jioni si mbali, na Venant alipita nyuma yake bila la kusema. Aliporudi alikuta samli imekwisha kuwekwa karibu na moto. Mzee alitoa maagizo kutoka sebuleni, Shigela akayafuata. Miguu nayo ikaongezwa, maana ilivimba kwa kusimama, na Kashindye alijifunza kusema waziwazi anachotaka. Hapo. Hapohapo. Usitoke hapo.

Tatizo likawa ni hilo la kusema waziwazi. Kuta za nyumba zile hazikufika mpaka kwenye bati.

"Mwenzangu," Mwaija alimwambia siku moja wakiwa foleni ya maji, akijizuia kucheka, "punguzeni sauti. Ua mzima unasikia 'hapo, hapohapo,' na baba mkwe yuko sebuleni. Wanasema nyinyi hamna hata aibu ya kumngoja mzee atoke akaote jua."

Kashindye aliweka ndoo chini. Aliona haya kwanza, uso mzima ukawaka. Halafu haya ikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyomkaa zaidi.

"Wanasema hivyo?"

"Wanasema zaidi ya hivyo. Mimi nimekuchagulia yenye heshima."

"Vizuri. Kama wanataka kujua, basi waone."

Jioni ile alibeba mkeka mwenyewe, akautandika nje nyuma ya nyumba, pale ambapo jabali kubwa lilitoa kivuli na yeyote aliyepita kwenda chooni, bombani au dukani alipaswa kupita. Alijifunga khanga vizuri, akajilaza kwa ubavu. Shigela alisimama na kibakuli cha samli mkononi, anatazama huku na huku.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Tunafanya dhambi gani?"

Mzee Ngosha aliposikia hayo, aliinuka. Alichukua kigoda chake, akazunguka upande wa pili wa jabali, akakaa ameligeuzia jabali mgongo, uso wake ukielekea ziwani. Hivyo mila ikawa imelindwa na jiwe. Kutoka kule ilikuja sauti yake: "Mwambie akunje goti la juu. Wewe anza chini." Na watu wa ua, waliokuwa wamezoea kusikia wasichokiona, sasa waliona. Waliona mwanamke mwenye mimba anakandwa mgongo na mumewe, basi.

*

Ungedhani wangetosheka. Lakini mdomo wa mtu haukai njaa. Walipokosa la aibu walipata la uchawi: Kashindye kampa mumewe limbwata. Mwanaume mzima, Msukuma, anapika, anateka maji, na sasa anashika miguu ya mke mchana kweupe! Haiwezekani pasipo dawa. Mwanamke anayeleta chakula nyumbani lazima atakuwa ametia kitu katika chakula hicho, walisema, wakasahau kwamba mpishi alikuwa Shigela.

Chini ya majabali, karibu na duka la mafuta ya taa, palikuwa na benchi la wanaume waliopunguzwa kazi. Walicheza drafti kwa vizibo vya soda tangu asubuhi, wakijadili vyama vingi na nani ataununua mji. Shigela alikuwa mwenzao. Sasa akipita walisimamisha mchezo.

"Nesi! Mgonjwa wa leo ameamkaje?"

"Nesi, na mimi goti hili linanisumbua. Au mpaka nivae khanga?"

Shigela alicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili alicheka kidogo. Halafu akaanza kuchelewa kurudi. Mara alikuwa amekwenda Nyamagana kuulizia kazi, mara alikutana na mtu wa ginari. Samli ilibaki imeganda kibakulini. Mzee Ngosha alikaa upande wake wa jabali, Kashindye upande wake, mkeka ukiwa mtupu kando yake, na hakuna aliyeweza kumsemesha mwenzake kwa sababu mpeleka maneno hayupo. Hiyo ndiyo ilikuwa mila, na jioni hizo Kashindye aliichukia mila hiyo kwa moyo wake wote.

"Uko wapi siku hizi?" alimuuliza mumewe.

"Kesho nitawahi."

"Wanakuita nesi, ndiyo maana?"

Shigela akasema, "Wewe hujui inavyokuwa kupita pale."

"Mimi?" Kashindye alikaa kitandani kwa shida. "Mimi ninasimama mbele ya Venant kuanzia asubuhi mpaka jioni, ananitukana mimba yangu, na kesho yake ninarudi. Wewe umeitwa nesi na watu wanaocheza vizibo, umekimbia. Mgongo ni wangu, sawa. Lakini ninachokibeba ni cha wote wawili."

Shigela aligeukia ukutani. Asubuhi mguu ulikuwa umekaza kama ulivyokaza zamani, na kushuka majabali kulimchukua muda hata Mwaija akatangulia. Jumamosi, karibu na mwisho wa kazi, kisu kilimponyoka Kashindye, akashika meza kwa mikono miwili. Venant alikuja akasimama karibu mno.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. Watu wabaya huanza hivyo. "Kesho Jumapili, pumzika. Jumatatu nitakuwa getini mwenyewe. Nikikuona unachechemea, usihangaike kuingia."

*

Jumapili ileile, baada ya misa, ukoo ukaja. Alikuja Paulo, kaka mkubwa wa Shigela, mwenye duka Buhongwa kwenye barabara ya Shinyanga, amevaa koti la mtumba lililompwaya mabegani. Alikuja na dada yao Suzana, muuza dagaa, mwanamke wa sauti. Shigela alikuwepo kwa kuwa Paulo alikuwa amemtumia salamu asitoke. Walikaa sebuleni pamoja na mzee. Kashindye aliwaletea chakula, akapiga magoti kuwanawisha. Kuinuka kukamshinda. Alishika meza, akashika fremu ya mlango, jasho likamtoka.

"Anajifanya," Suzana alisema kabla pazia halijatulia nyuma yake. "Mimba nimebeba mimi, tena na beseni la dagaa kichwani. Nani alinikanda?"

Paulo alikohoa. "Baba, tumekuja kwa jambo moja. Mji mzima unacheka. Nimelisikia dukani kwangu, kwa mteja asiyejua kwamba ni ndugu yangu anayesemwa. Sisi hatukutoa ng'ombe ili Shigela aende kuwa mfanyakazi wa ndani."

"Kalishwa kitu," Suzana alisema. "Mtazame alivyo! Alikuwa mwanaume huyu. Kuna mtaalamu kule Magu anawatapisha, na kilicholiwa kinatoka chote."

"Twende naye kesho," Paulo alisema. "Na wewe, baba, ukakae kwangu. Haifai mkwe kukaa nyuma ya jiwe anasikiliza mambo ya watu na wake zao. Huyu mwanamke aache hicho kiwanda, arudi kwao mpaka ajifungue. Shigela, unasemaje?"

Shigela alikuwa anatazama mikono yake.

Nyuma ya pazia, Kashindye alikuwa ameinama juu ya kitanda, viwiko vimezama kwenye godoro. Maumivu yalikuwa yanapiga kuanzia kiunoni mpaka unyayoni. Alisikia kila neno. Alisikia anavyopangiwa safari ya kwao, kisu chake kikipewa mtu mwingine, mume wake akipelekwa kutapika wema wake kwenye beseni la mganga. Na zaidi ya yote alisikia ule ukimya wa Shigela. Mke hasemi mbele ya wakwe. Alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake alifundishwa na wa kwake. Akafikiria Jumatatu, geti, na Venant amesimama kuitazama miguu yake.

"Shigela!" aliita. "Njoo unikande."

Sebuleni hakuna aliyetikisika. Hakuita kwa kunong'ona, wala hakusema tafadhali. Aliita kama mtu anayeomba maji nyumbani kwake.

"Mmesikia?" Paulo alisema hatimaye, akicheka bila furaha. "Anaitwa kama mbwa. Mbele ya baba yake! Sasa mnataka ushahidi gani wa limbwata?"

Shigela alimtazama kaka yake, akamtazama dada yake, akatazama pazia. Miguu yake haikujua iende wapi. Mzee Ngosha aliweka fimbo yake chini.

"Umeitwa," alisema.

"Baba!" Suzana alimaka.

"Nilimfundisha mimi. Kama ni limbwata, basi nilimlisha mimi kwa mkono huu, na mumpeleke nani kutapishwa, mimi?" Mzee hakupandisha sauti. "Kule Magu nimekanda ng'ombe wa watu, hakuna aliyesema ng'ombe kaniroga. Shigela, mke wako amekuita."

Shigela akasimama. Alikuwa mrefu, na sebule ilikuwa fupi, ikabidi ainamishe kichwa. Alichukua kibakuli cha samli karibu na jiko, akasogeza pazia lote mpaka mwisho, akampa mkewe bega la kuegemea.

"Twende nje," alisema. "Humu joto."

*

Walipita sebuleni mbele ya wageni, wakapita uani, wakafika nyuma ya nyumba. Mkeka ukatandikwa mahali pake. Ilikuwa saa za alasiri za Jumapili, watu wote wako majumbani, na habari zilishuka majabali haraka kuliko mtoto aliyetumwa sukari. Mwaija alitoka na kigoda akakaa waziwazi, amekunja mikono, kama mtu aliyelipia tiketi. Wa kwenye benchi la drafti walipanda mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda bombani. Paulo na Suzana walitoka nyuma ya wengine, wasijue wasimame wapi.

Shigela alipiga magoti, akasugua viganja mpaka samli ikapata moto. Akaanza chini, pande mbili za uti, polepole.

"Nesi!" mmoja wa wacheza drafti aliita.

"Naam," Shigela alijibu bila kuinua kichwa. "Subiri zamu, goti lako nitaliona nikimaliza huyu."

Watu wakacheka, safari hii si yeye aliyechekwa, na aliyeita akatafuta mahali pa kuweka macho yake. Shigela alifika juu ya kalio la kushoto, akalikuta fundo, akalikalia. Kashindye aliguna kwa sauti. Hakujizuia, wala hakujali nani anasikia. Maumivu yalipanda yakawa makali, akayaacha yapande, kisha yakaanza kuachia kidogokidogo, mguu ukarudi kuwa wake. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la khanga. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, na vyote viwili vilimpa nguvu.

Paulo alitazama saa yake, akasema gari la Buhongwa halingoji. Suzana hakumsikia. Alikuwa amesimama anatazama mikono ya mdogo wake inavyokwenda, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwenda nyuma, umeshika kiuno chake mahali palepale. Mwaija alimwona, akamsogezea kigoda chake.

Mzee Ngosha alikuwa amekwisha kukaa upande wa pili wa jabali, uso ziwani. Hakutoa agizo hata moja jioni ile. Shigela hakuhitaji tena. Lakini alipomaliza mgongo na kuanza miguu, sauti ya mzee ilikuja, na haikusema mwambie, wala haikusema muulize.

"Mayu," aliita, kama Wasukuma wanavyomwita mama. "Kesho utasimama?"

Shigela aliacha mikono pale ilipokuwa. Alifungua mdomo kuyapeleka maneno, kama alivyozoea, na Kashindye akaweka kiganja juu ya mkono wake kumnyamazisha. Alijiinua kwa kiwiko, akaligeukia jiwe.

"Nitasimama, baba," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka getini.